Siku Nilipompoteza Bwana Harusi Pangoni

Kamba niliifungua mimi. Nalisema hili mwanzo kabisa, maana niliporudi kwenye chuo chetu cha Kurani hapa Kasongo nilikuta habari imeshafika kabla yangu na imeota pembe njiani: mmoja anasema shetani wa pangoni alimmeza shemeji yangu akamtapika, mwingine anasema nilimuuza. Sikumuuza mtu. Nilifungua fundo moja tu, kwa vidole hivi hivi vilivyojaa wino wetu wa masizi, na nia yangu ilikuwa kucheka kidogo kisha nilifunge tena (halikufungwa tena, na aliyecheka siye mimi).

Sasa sikilizeni vizuri, na yule anayepitisha maneno kwa mwalimu atoke kwanza akanawe miguu.

Kwetu ni Kabambare, mnajua. Mwalimu alinipa ruhusa niende kwenye harusi ya dada yangu Zamda, na alinipa kwa furaha iliyonitia wasiwasi, akaniambia nisiharakishe kurudi. Nikaenda. Na ili muone uzito wa mambo, lazima niwaambie habari ya Zamda. Huko nyuma aliwahi kuchumbiwa na kijana mmoja aliyefuata msafara wa pembe za ndovu kuelekea msituni, akaapa kwamba akirudi tu ndoa inafungwa, tukangoja, mpunga ukavunwa ukapandwa ukavunwa tena, mwisho wenzake wakarudi bila yeye, wakaleta salamu kwamba bwana ameoa huko huko na ana mtoto anayetambaa. Tangu siku hiyo wanawake wa Kabambare wakimwona Zamda mtoni wanapunguza sauti. Hakulia mbele yetu hata mara moja, lakini aliacha kuimba akitwanga, na mama alikuwa akisema kwamba mwanamke aliyeachwa mara moja huonewa huruma, ila akiachwa mara ya pili watu huanza kumchunguza yeye, ana kasoro gani. Ndiyo maana harusi hii kila mtu nyumbani aliibeba kama mtungi uliojaa, kwa hatua ndogo ndogo. Kila mtu isipokuwa mimi.

Bwana harusi alikuwa Rajabu, kijana wa Nyangwe, mrefu, mzuri wa sura, amekuja na baba yake na wajomba, wakapewa nyumba ya jirani yetu wafikie. Tatizo lake moja, alikuwa na tembo. Simaanishi tembo wa kufugwa, namaanisha hadithi ya tembo, aliyempiga peke yake kwa bunduki ya gumegume, gizani, na kila alipoisimulia tembo alizidi kunenepa. Na siku aliponiona mara ya kwanza alinikamata sikio mbele ya watu akasema, "Ninyi watoto wa chuo munanuka masizi kama chungu." Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, kisha nikaliweka neno lile mahali pazuri moyoni lisiharibike.

Siku yenyewe ya harusi, ndoa ilipangwa baada ya sala ya alasiri. Asubuhi kinyozi akaja kumnyoa Rajabu, na mnajua desturi yetu, kinyozi akimaliza kumnyoa bwana harusi anaondoka na nguo alizomnyoa nazo. Kwa hiyo bwana akabaki ndani na kanzu yake mpya ya bafta na hana kingine cha kuvaa (likumbukeni hili, maana niliposema "twende" alitoka na nguo za harusi kwa sababu angetoka na nini, na ngozi ya tembo?). Mama akanikabidhi kilemba cheupe nimpelekee, kirefu kuliko dua ya mwalimu mwezi wa Ramadhani, akanishika bega.

"Kaa naye mpaka alasiri. Asitoke. Bwana harusi hatoki nje kabla ya ndoa. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Umesikia kwa masikio au kwa tumbo?"

"Kwa masikio, mama."

Nikaenda na nia njema kabisa. Wajomba zake walikuwa nyuma ya nyumba wanachuna mbuzi na kubishana, na Rajabu alikuwa peke yake chumbani, amevaa, jasho linamtoka, anainuka, anakaa, anainuka. Nikamfunga kilemba. Akauliza ni saa ngapi. Nikamwambia jua bado halijafika hata kichwani. Akauliza tena. Nikamwonea huruma, wallahi, na huruma ndiyo iliyonifungua mdomo, nikamwambia kuna pango mlimani hapa nyuma ya mashamba ya mpunga, lina vidudu vinavyowaka gizani, watu wanatoka mpaka Kasongo kuja kuviangalia, tukienda sasa tutarudi kabla mbuzi hajaiva.

"Bwana harusi hatoki," akasema.

"Kweli," nikasema. "Na kule ndani iko giza sana. Afadhali tukae."

Basi. Tulipitia uani.

Pango lile lina mwenyewe, Mubangubangu mmoja, kabila lililokuwa hapa kabla yetu, anaitwa Mulenda, kibanda chake kiko chini ya mlima, na wageni humpa chumvi kidogo au shanga naye huwaingiza. Moto haruhusu, kwa sababu moshi unaua vile vidudu, kwa hiyo badala ya mwenge anakupa kamba ndefu ya magome aliyoisokota mwenyewe, ncha moja anaishika yeye mlangoni, ncha nyingine unafungwa kiunoni, unaingia gizani kama mbuzi anayekwenda malishoni. Alimfunga Rajabu, maana ndiye mkubwa. Mimi nilitakiwa nishike kamba nyuma yake.

"Moto hapana," Mulenda akasema. "Kelele hapana. Kamba hamuiachi. Mukiivuta, nami navuta munatoka. Mukipiga kelele navuta pia, siulizi kitu."

Halafu akamtazama Rajabu na kilemba chake, akatabasamu upande mmoja wa mdomo. "Babu zangu walikuwa wanaingia humu wakisikia bunduki zenu. Sasa munaingia kuangalia taa."

Rajabu akacheka. Mulenda akacheka. Mimi nikacheka wa mwisho na kidogo.

Tukaingia. Mwanzoni hakuna kitu, giza tu na maji yanadondoka na harufu ya popo inayokukaa kooni, unateremka, unainama, unapita mahali unajibana ubavu ubavu, Rajabu anahema mbele yangu kama mvukuto, kisha ghafla panakuwa papana na unasikia kwa pumzi yako kwamba dari imekwenda juu. Nikamwambia tusimame, tunyamaze, tungoje macho. Tukangoja. Na taratibu ukuta ukaanza. Moja hapa, moja pale, halafu nyingi, kama mtu ametupa konzi za chumvi ukutani na kila chembe imeshika moto, lakini moto wa rangi ya jani changa, baridi, usiotetemeka. Ni vidudu kama funza, nyuma yake ndiko kunakowaka. Nimekwenda mara nyingi tangu utoto na kila mara nasahau kwamba nina miguu.

Rajabu akagusa ukuta kwa ncha ya kidole. Kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Zamda ameviona hivi?"

"Yeye ndiye aliyenileta mara ya kwanza. Nilikuwa mdogo."

"Alisema nini?"

"Alisema tusimwambie mtu."

Na hapo, jamani, kama ningekuwa mtu mwema ningemshika mkono nikamwambia shemeji turudi. Lakini akajikohoza akasema, "Ni vizuri. Ila usiku ule wa tembo giza lilizidi hili."

Ndipo vidole vyangu vilipokwenda kiunoni kwake.

Nilipanga hivi: nifungue fundo, nishike ncha mimi, niseme kwa huzuni, "Shemeji, kamba imekatika," nisikilize mwindaji wa tembo anavyojibu, nicheke, nimfunge tena. Lilikuwa jambo dogo. Lakini Rajabu hakujua kuwa ni vidole, yeye alisikia kitu kinatambaa kiunoni gizani, akadhani nyoka. Akaruka. Akapiga ukelele ambao sijui mwanaume mrefu vile alikuwa ameuweka wapi, popo wote wakaamka wakatupitia usoni, mimi nikainua mikono kujikinga, kamba ikaanguka. Na kule nje Mulenda akasikia ukelele. Na Mulenda alikuwa ameshatuambia atafanya nini.

Nilisikia kamba ikipita juu ya mwamba miguuni kwangu, shwaaa, inakwenda zake mlangoni kama nyoka mwenye safari. Nikajirusha kifudifudi kuikamata. Nikakamata mavi ya popo.

Halafu taa zikazimika. Vidudu vile havipendi makelele, vilijifunga vyote kwa pamoja, ukuta mzima, na giza lililobaki halikuwa lile tuliloingia nalo. Nilipeleka mkono usoni ukanigonga pua kabla sijauona.

"Seifu," Rajabu akasema. Ndilo jina langu, mnalijua, lakini siku ile lilisikika kama la marehemu. "Kamba iko wapi?"

"Imekatika, shemeji," nikasema. (Nilikuwa nimeliandaa neno, likatoka lenyewe.)

Tukaita. Tuliita Mulenda mpaka sauti ikapasuka, na pango likawa linaturudishia kutoka pande zote, Mulenda, lenda, enda. Hakuja. Baadaye jirani zake waliniambia kwa nini. Alipovuta kamba ikarudi tupu, kwanza alitia kichwa akaita, na kwa makelele ya popo tukawa hatusikizani, kisha akafikiri mtu wa kawaida anavyofikiri: bwana harusi wa watu wenye bunduki amepotea ndani ya pango lake, siku ya harusi. Akaenda mbio kuwaficha watoto wake kwanza. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningejificha na kuku.

Sasa hapo mimi nikafanya kosa juu ya kosa, nikasema kwa ujasiri, "Nifuate, njia naijua." Tukajibana pahali, tukainama, tukatambaa, tukafika kwenye maji ambayo hayakuwapo tulipokuja. Tukarudi. Ukuta ambao ulikuwa kushoto ukawa haupo popote. Viatu vyake vikabaki kwenye matope, tukavisikia vikinyonywa. Rajabu akaanza kusoma Yasini kwa sauti, akaruka aya, nami (mazoea ya chuo, nisameheni) nikamsahihisha. Akaanza upya. Akaruka pale pale. Nikamsahihisha. Akasema, "Seifu, tukitoka humu nitakunyonga," nikamwambia sawa shemeji, lakini aya ni hii.

Ndipo tulipoisikia bunduki.

Kwa mbali, kama mtu anapiga mto wa kulalia kwa fimbo. Dum. Rajabu akanishika mkono. Nyote mnajua harusi zetu, bunduki ya kwanza ni watu wa bwana harusi wanakusanyika, maana yake adhuhuri imepita. Tukiwa bado tunabishana imetokea upande gani, ikaja nyingine na vigoma kidogo, maana yake wanakwenda kumchukua bwana harusi nyumbani. Nikawaona kwa macho ya gizani, wajomba wanaingia chumbani na chetezo cha udi, wanakuta mkeka.

Baada ya hapo zikalia nyingi, ovyo ovyo, bila ngoma. Halafu kimya.

Nilijua kinachosemwa. Nilijua pia ni nani anakisikia akiwa ndani, amepakwa hina, ameinamisha kichwa.

"Watasema nimekimbia," Rajabu akasema polepole. Na baada ya kitambo, "Atafikiri na mimi nimekwenda zangu kama yule." Kumbe habari ya yule wa kwanza alikuwa anaijua. Akaanza kulia, si kilio cha kuogopa giza, kingine. Na mimi nikalia pia, mkitaka kucheka chekeni sasa, nililia nikimwita mama kama mtoto wa kunyonya, na katika kulia ndipo nikahisi upepo kidogo kwenye shavu lililolowa. Upepo unatoka mahali. Na ilipolia bunduki moja tena, ya kutafuta mtu, sauti nayo ikaja na upepo ule ule.

Hatukuwa na kamba, lakini tulikuwa na kilemba. Rajabu akakifungua, tukajifunga viunoni, ncha yake na ncha yangu, nikatangulia mimi kwa sababu ndiye mwembamba na ndiye mwenye kosa (hili la pili alilihisi tayari ingawa sikuwa nimelisema). Kilemba kikawa kinasugua ukuta, na kila kiliposugua vidudu vikanasa. Nikageuka nyuma nikaona mstari wa nukta za kijani unanifuata. Njia ikazidi kuwa nyembamba, tukatambaa kwa viwiko juu ya mavi ya popo ambayo hapo yalikuwa laini kama ugali mbichi, nikaona mwanga mweupe, nikasukuma majani na mizizi kwa kichwa, kichwa kikatoka.

Sasa nitawaambia kichwa kilitokea wapi. Kilitokea kwenye ukingo wa kijito, chini ya mlima, mahali ambapo wanawake wote wa harusi walikuwa wameinama kuosha mchele, maana wageni walishafika na bwana harusi aonekane asionekane watakula.

Nikaona nyuso. Jirani yetu mmoja mwenye mwili mkubwa alinitazama, mimi niliyejaa tope la kijivu mpaka kwenye kope, ninalia, na nyuma yangu shimoni sauti nzito inaguna, akasema, "Ardhi inazaa!" Wakakimbia. Vikapu vikaelea, mchele wa harusi ukateremka na maji kuelekea huko unakokwenda, wengine waliacha na ushungi.

Mmoja hakukimbia. Alisimama ndani ya maji, kikapu kiko mkononi, ananitazama. Mama.

"Yuko wapi?" akasema. Hilo tu.

Nikaonyesha nyuma yangu. Rajabu alikuwa amekwama mabegani, kichwa nje, mwili ndani, kipara chake kipya kina matope. Na mnajua heshima ya mama mkwe na mkwewe kwetu sisi, hawatazamani usoni, hawashikani mkono hata kwa salamu, akipita huyu yule anaacha njia. Mama akajifunika ushungi uso wote, akageuka, akampa mgongo, akakishika kilemba kwa mikono yote miwili juu ya bega lake kama mtu anayekokota mtumbwi, akavuta.

"Shikamoo, mama," Rajabu akasema kutoka shimoni, kwa adabu.

"Marahaba, mwanangu," mama akajibu bila kugeuka. "Toa pumzi."

Akatoa pumzi. Akatoka. Bega la kanzu likabaki ndani.

Kabla hajasimama vizuri wanaume walikuwa wamefika, baba yangu, baba yake Rajabu, wajomba, na bunduki, wameitwa na makelele ya wanawake. Wakamwona bwana harusi miguu mitupu, kanzu imechanika, ametoka kwenye shimo kando ya njia, na ile njia, kwa bahati yangu, ndiyo ya kwenda Nyangwe. Baba yangu akasema maneno ambayo kila mtu alikuwa anayafikiri.

"Ulikuwa unakwenda wapi?"

Rajabu akaanza kujipangusa tope usoni. Angesema nini? Kwamba alitoka ndani siku ya ndoa akaenda kuangalia funza? Kwamba alilia? Baba yake alikuwa ameinamisha kichwa kwa aibu. Mjomba mmoja wa kwetu akasema kwa nguvu ili wote wasikie, "Huyu alijificha angoje watu watawanyike aende kwao. Ni wa pili huyu!"

Wa pili. Nikamfikiria Zamda.

"Ni mimi," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, nikairudia. "Ni mimi. Nilimpeleka pangoni kwa Mulenda. Kamba niliifungua mimi, nilitaka kumtisha, ikatutoka. Hakukimbia. Alikuwa anatafuta njia ya kurudi." Hapo ndipo Rajabu aliponigeukia polepole, akanitazama kwa jicho la kunyonga.

Mnadhani walisema alhamdulillahi? Mjomba alinitazama akacheka kwa pua. "Seifu! Mutoto aliyewaambia watu mwezi wa Ramadhani umeandama ili apewe futari! Huyu amepewa shanga aseme hivi."

Na hapo nikaelewa kitu kibaya, kwamba nilikuwa nimetumia uongo wangu wote vizuri sana, na sasa nilikuwa na ukweli mmoja tu maishani na hakuna wa kuununua. Nikaapa. Wakasema hata ule mwezi niliuapia. Baba akaniambia ninyamaze. Baba yake Rajabu akasema labda wafunge mizigo yao warudi kwao. Tukarudi nyumbani wote kwa mstari mmoja, kama tunatoka kuzika, na watu wa Kabambare wamesimama milangoni, na mimi nimekishika kile kilemba kwa sababu hakuna aliyenipokonya.

Tulipofika uani, sauti ikatoka chumba cha ndani, kile kisicho na dirisha, alikokuwa amekaa Zamda na bibi yetu. Alikuwa amesikia kila kitu, kuta zetu ni za udongo.

"Kilemba hicho nileteeni."

Bibi akakitwaa mkononi mwangu, akaingia nacho, pazia likaanguka. Tukasimama. Nilisikia kitambaa kikikunjuliwa mle gizani, kisha bibi akasema, "Astaghfirullahi, kinawaka!" na baada ya bibi nikasikia jambo ambalo sikuwa nimelisikia nyumbani kwetu tangu msafara ule urudi. Zamda alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakwama.

Kisha akasema kutoka ndani, kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Baba, hivi ni vya pangoni, kwingine havipo. Mutu wa kukimbia harusi haendi kutambaa gizani. Barabara ya Nyangwe iko wazi tangu asubuhi. Muogesheni, mutafuteni kanzu."

Akaogeshwa. Kanzu ya kuazima ilimfika magotini. Ndoa ilifungwa jua likiwa limeshaanza kuinama, watu wakala mbuzi kwa muhogo kwa sababu mchele mmeshajua ulikokwenda, na Rajabu tangu siku ile hajataja tembo mbele yangu. Mimi nililala kwa tumbo (baba hakuwa na haraka, na bakora yake ni ya mti mgumu kuliko ya mwalimu), na nimeapa, na safari hii naapa mkinitazama, kwamba sitafungua fundo lolote lililofungwa na mtu mwingine.

Lakini bakora si kitu. Kilichoniumiza ni Mulenda. Kesho yake nilimpelekea chumvi kumwomba radhi, nikamkuta amekaa mbele ya kibanda hana kazi. Tundu lile la kijitoni mgeni yeyote hakuwahi kuonyeshwa. Babu zake walipitia huko walipozingirwa mlangoni, na mimi nimelifungua kwa kichwa changu mbele ya wanaume wa Kabambare na bunduki zao. Hakunitukana. Aliitazama chumvi, akasema, "Weka hapo," kisha akageuka upande wa pili, na mpaka naondoka hakunigeukia tena. Hilo sina mzaha nalo.

Na mama? Mama hakuniambia neno tangu kule kijitoni mpaka usiku wa harusi. Alipakua, alipokea wageni, alimpeleka binti yake kwa mumewe, akarudi, akakaa kizingitini akinyoosha miguu, nami nikaenda nikasimama mbele yake kwa sababu kungoja kulikuwa kumenishinda. Akanitazama kutoka juu mpaka chini, akasema:

"Mwanangu, mara ya kwanza ulipozaliwa ulitoka umechafuka, unalia, na wanawake wakapiga vigelegele. Leo umetoka tena umechafuka, unalia, na wanawake wakakimbia. Mara ya tatu, tafadhali, usinialike."